Tiketi ya Kumwamsha Atuganile

Bawabu alikataa kwa mara ya tatu.

"Hana adabu huyu!" Mama Ndimyake aliipiga meza kwa kiganja mpaka chai ikamwagika. "Miaka kumi na moja namfuta vumbi, namwangalia usiku na mchana, leo namwomba kitu kimoja tu ananiambia hanijui!"

"Hajasema hakujui wewe, Mama," alisema Tusekile bila kuinua macho kutoka kwenye skrini. "Amesema haijui mashine ya Mbeya. Hayo ni mambo mawili tofauti."

"Kwangu ni yale yale. Dada yangu anapata joto."

Wala hakuwa anatia chumvi. Saa mbili na nusu asubuhi ile, pampu ya kupoza kitanda namba moja ilikohoa mara mbili ikafa. Atuganile, aliyekuwa amelala miaka arobaini na moja kwenye digrii nne bila kumsumbua mtu, akaanza kupanda taratibu. Digrii tano. Sita. Saba. Wapishi na wafagiaji walikuwa wameshamzungushia barafu yote ya jikoni. Pampu mpya ilikuwa njiani kutoka Mbeya, na barabara ya Kitulo wakati wa mvua, we acha tu.

Mama Ndimyake alibonyeza redio. "Daktari, sema!"

"Saba na nusu," ilijibu sauti ya Dokta Lusajo kutoka chumba cha vitanda, ghorofa moja chini, ndani kabisa ya mlima. "Mwisho wetu ni kumi na nne, Mama. Ikipita hapo mwili utaanza kuamka wenyewe, moyo utadunda kabla damu haijawa tayari. Nadhani tuna saa moja hivi. Nipeni hatua zake tu."

Hatua zake. Ndiyo ilikuwa shida yote. Watu mia tatu na kumi na wawili walikuwa wamelala ndani ya mlima ule, wote wagonjwa wa kikohozi cha mawe, wakisubiri tiba ambayo enzi zao haikuwepo. Kila mmoja alilazwa kwa namna yake: dawa kiasi gani, kwenye digrii ipi, dakika ya ngapi. Kumwamsha mtu kulimaanisha kurudi kinyumenyume kwenye nyayo zake zilezile, na ukikosea moja umemuua. Nyayo hizo ziliandikwa kwenye kanzidata, ndani ya mashine kongwe ya Linux waliyoiita Ghala. Ghala lilikuwa hatua tatu tu kutoka kiti cha Mama Ndimyake, linanguruma kama kawaida yake. Lakini mashine yenye akili ya kuzisoma hatua hizo na kukiamrisha kitanda, iitwayo Mwamshaji, ilikuwa Mbeya mjini, na kati ya Mwamshaji na Ghala alikaa Bawabu, mashine ya kulinda mlango.

Tiba ilikuwa imepatikana mwaka uliopita. Tusekile, injinia wa miaka thelathini na mmoja, alikuwa ametumwa mlimani juzi yake ili aiunganishe Mbeya na Ghala kwa utulivu, maana mtu wa kwanza angeamshwa Jumatatu ijayo. Alikuwa na wiki nzima. Sasa alikuwa na saa moja.

"Haya, nieleze upya," alisema Mama Ndimyake akivuta kiti. "Haraka, lakini usiruke kitu."

Msimdharau kwa umri wake. Alikuwa na miaka sabini, nesi mstaafu aliyebaki kuwa msimamizi wa nyumba ile, na Linux alijifunza akiwa na hamsini na mbili kwa sababu hakutaka mtu yeyote wa mjini aguse mashine inayomlinda pacha wake. Vidole vyake kwenye kibodi vilikimbia kuliko vya vijana wengi. Ila Bawabu hakuwa wake. Bawabu aliletwa na serikali.

"Nywila haipiti tena kwenye waya," alisema Tusekile, huku anaandika. "Wezi wanasikiliza kila waya. Kwa hiyo Bawabu anamjua Mwamshaji, na analijua Ghala. Wao wawili hawajuani. Mwamshaji anamwendea Bawabu, anamthibitishia kuwa ndiye bila kuitamka siri yake. Bawabu anampa tiketi. Tiketi ile imefungwa kwa ufunguo ambao Ghala peke yake linao. Ghala likiweza kuifungua, linajua imetoka kwa Bawabu kweli. Wazungu wa zamani waliuita mpango huu Kerberos, jina la mbwa mwenye vichwa vitatu."

"Mbwa gani! Huyo ni mshenga," alisema Mama Ndimyake. "Familia mbili hazijuani, mshenga anakwenda kati. Sasa mshenga wetu kwa nini hataki kwenda?"

"Kwa sababu jina la bwana harusi halimo daftarini." Tusekile alibonyeza ufunguo wa mwisho kwa kishindo. "Sasa limo!"

Walijaribu tena. Skrini ilifikiri kidogo, ikatema mstari mwekundu.

Tusekile alipiga makofi.

"Unashangilia nini, binti? Amekataa!"

"Kosa jipya, Mama! Lile la kwanza limekwisha. Sasa anasema Ghala halina ufunguo wa kufungulia tiketi. Ukiona kosa jipya ujue umesogea!"

Jamani, kuna raha fulani kwenye kazi ile ambayo asiyeifanya haijui. Mama Ndimyake aliihisi ikimpanda shingoni pamoja na hofu, vyote viwili kwa mpigo. Tusekile alitengeneza faili la funguo kwa Bawabu, akalitia kwenye flashi. Mama Ndimyake akaibeba flashi ile mkononi hatua tatu mpaka kwenye Ghala, maana ufunguo haupelekwi kwa waya hata kama dunia inaungua. Wakajaribu. Kosa jipya.

"Kanzidata haina ruhusa ya kulisoma faili," Tusekile alisoma.

"Umelifanya mali ya mkuu wa mashine. Pisha." Mama Ndimyake alimsukuma kwa bega, akaandika mstari mmoja kulimilikisha faili kwa kanzidata, na wa pili kuwafungia wengine wote. "Hilo nililikosea mimi mwaka wangu wa kwanza nikalia siku nzima. Twende!"

Kosa jipya. Bawabu alilijua Ghala kwa jina fupi, na Ghala lenyewe lilijiita kwa jina refu. Tusekile alilisahihisha jina, Mama Ndimyake akaiwasha kanzidata upya, na redio ikasema, "Nane na robo." Wote wawili walikuwa wanapumua kama waliopanda ngazi.

"Hili ndilo," alisema Tusekile. "Nalisikia kabisa, hili ndilo."

Mstari mwekundu. *Saa zimepishana kupita kiasi.*

"Aa, hili dogo!" Tusekile alicheka kwa nafuu. "Tiketi ina saa ya kuzaliwa na saa ya kufa. Bawabu na Ghala lazima wakubaliane ni saa ngapi. Tofauti ya dakika tano wanavumiliana. Zaidi ya hapo wanajua ni mwizi kaja na tiketi ya zamani. Mama, hebu niangalizie Ghala linasema saa ngapi."

Mama Ndimyake aliinama kwenye kioo kidogo cha kijani cha Ghala. 04:31, kilisema.

"Saa nne na dakika thelathini na moja."

Tusekile aligeuka kuangalia saa ya mshale iliyokuwa ukutani. Mshale mkubwa ulikuwa umepita nusu kidogo tu. "Saa nne na dakika thelathini na moja," alisema, na kicheko kikamfutika usoni. "Hata dakika moja haikupishana."

"Ni saa ya atomi hiyo. Haijawahi kukosea tangu iwashwe."

"Sasa huyu anapiga kelele za nini?"

* * *

Dakika ishirini zilikwenda hivihivi. Waliizima kanzidata wakaiwasha. Walifuta funguo wakatengeneza nyingine. Tusekile alisoma mipangilio ya Bawabu mstari kwa mstari kwa sauti, na Mama Ndimyake akaifuata kwa kidole, na kila kitu kilikuwa mahali pake, na kila walipojaribu lilikuja kosa lilelile la zamani. Hakuna aliyepiga makofi tena.

"Kumi na moja," ilisema redio. "Mama, anapanda haraka sasa. Barafu imekwisha."

Mama Ndimyake alisimama. Alilizunguka Ghala mara moja, akarudi, akakaa mbele ya kibodi yake mwenyewe, na kufungua faili ambalo Tusekile alilitambua kwa mbali.

"Mama. Hapana."

"Sijafanya kitu. Naangalia tu."

Faili lile lilikuwa fupi, na mstari wenye maana ulikuwa mmoja. Ulisema: yeyote atokaye popote akitaka kuingia kwenye kanzidata, mdai tiketi. Neno la mwisho la mstari ndilo lililokuwa mlango wenyewe. Ukilifuta ukaandika neno jingine, *amini*, Ghala lingemkaribisha kila anayebisha bila kumuuliza yeye nani. Mwamshaji angeingia mara moja. Na wengine wote pia.

"Dakika moja tu," alisema Mama Ndimyake. "Mwamshaji anasoma hatua zake, mimi nafunga."

"Wanabisha mara elfu tisa kwa dakika, Mama. Unaona namba ile? Hao ni wezi, hawalali. Na waya wao na wa Mbeya ni mmoja, siwezi kuukata. Hata nikisema tumwamini mwenye anwani ya Mbeya peke yake, anwani siku hizi wanaighushi kama kucheza."

"Dakika moja!"

"Nyumba ya Mto Mweupe walifungua dakika nne."

Hakuhitaji kuambiwa. Kila nesi wa nyumba za usingizi aliijua Mto Mweupe. Walifungua mlango kwa dakika nne kwa nia nzuri kabisa, ili wamwokoe mtu mmoja, na mtu asiyejulikana mpaka leo aliingia akabadilisha namba moja tu kwenye kila kitanda. Watu arobaini na wanne walikufa kabla ya chakula cha mchana. Ndipo serikali ikaleta mabawabu kila mahali.

Mama Ndimyake alifuta neno la mwisho. Akaandika *amini*. Herufi tano tu, na vidole havikutetemeka hata kidogo, jambo ambalo baadaye lilimwogopesha kuliko yote. Kilichobaki kilikuwa kuhifadhi faili.

"Siwezi kukushika mkono," alisema Tusekile kwa sauti ndogo. "Wewe ndiye msimamizi hapa. Lakini wale wengine walijikabidhi kwako wewe, si kwangu."

Na hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Kila asubuhi kwa miaka arobaini na moja alipita vitandani akiwaamkia kwa majina. Namba mbili, kitanda cha jirani na Atuganile, alikuwa Mwalimu Bukuku wa hisabati, na mke wake alipanda mlima kila Juni na kumwachia Mama Ndimyake kikapu cha njegere, akisema, "Niangalizie mzee wangu, nesi." Namba mia mbili na tatu alikuwa mtoto wa miaka sita aliyelazwa na mwanasesere wake mkononi, na mwanasesere alikuwa bado yupo. Hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumwuliza sasa hivi: je, nikuweke rehani kwa dakika moja kwa ajili ya dada yangu?

Na wangeweza kusema ndiyo! Hilo ndilo lililomtesa. Pengine nusu yao wangesema ndiyo bila kusita. Ila walikuwa wamelala, na aliyelala hajibu, na asiyejibu huwezi kumsemea ndiyo yake.

Alimchukia Tusekile kwa muda ule. Alimchukia Bawabu. Alimchukia mke wa Mwalimu Bukuku na njegere zake. Kisha akabonyeza kutoka bila kuhifadhi, faili likajifunga kama lilivyokuwa, na Mama Ndimyake akainamia kibodi akalia kwa sauti.

"Nimemuua dada yangu."

"Bado hajafa," alisema Tusekile, naye machozi yanamtoka, na aliyapangusa kwa hasira. "Kumi na mbili haijafika. Nyamaza, Mama, nisaidie kufikiri. Mashine haisemi uongo. Bawabu kasema saa zimepishana, basi zimepishana. Nimeuliza vibaya tu. Nilikuuliza *wewe* saa ngapi, nikatazama ukuta. Bawabu mwenyewe sikumwuliza."

Aliandika amri moja. Bawabu akajibu kwenye skrini ya kushoto, kwa tarakimu kubwa nyeupe: 10:52.

Skrini ya kulia, kioo cha kijani cha Ghala: 04:52.

Walizitazama zote mbili. Mmoja alisoma saa nne na dakika hamsini na mbili. Mwingine naye alisoma saa nne na dakika hamsini na mbili. Halafu Tusekile akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu. Mama. Hii ni nne ya *kwetu*."

"Nini?"

"Mashine inahesabu tangu usiku wa manane! Saa nne asubuhi kwake ni kumi! Ghala linaamini ni alfajiri, bado hakujakucha! Limepishana na Bawabu saa sita kamili, na mimi, injinia mzima mwenye cheti, nimelitazama nikasema liko sawa, kwa sababu macho yangu ya Kiswahili yameona nne yakaridhika!" Alicheka mpaka akajikwaa kwenye kiti. "Nani mjinga aliyeiweka saa hii?"

Mama Ndimyake hakucheka. Alikuwa ameshika kifua.

"Ni mimi," alisema.

Alikumbuka kila kitu. Injinia aliyelifunga Ghala alikuwa ameinama nyuma ya mashine na nyaya mdomoni, akamwambia, nesi, hebu iandikie saa, tuiwashe. Yeye alikuwa ametoka tu chumba cha vitanda. Atuganile, wakati dawa inamwingia, alikuwa amemshika kidole na kumwuliza, "Saa ngapi?" naye akamjibu, "Saa tatu na dakika saba." Akatoka na jibu lile kichwani, hana kingine kichwani, akaandika 03:07. Saa ya atomi ikaanzia hapo, ikahesabu kwa uaminifu miaka arobaini na moja. Vitanda viliongea na Ghala kwa waya wao wa ndani, bila tiketi, kwa hiyo hakuna aliyegombana na saa ile. Bawabu alipoletwa alilinda mlango wa Ghala ambao hakuna aliyewahi kupita.

"Basi ni amri moja!" Tusekile alikuwa ameshaanza kuandika. "Nalisogeza Ghala mbele saa sita, tumemaliza!"

"Simama!" Mama Ndimyake alimdaka mkono hewani. Sasa alikuwa nesi tena, machozi yamekatika. "Kila kitanda kinadondosha dawa ya usingizi kila baada ya saa nne, na kinaangalia saa ya Ghala. Ukiruka saa sita kwa mara moja, vitanda vyote vitadhani vimesahau dozi. Vitaimwaga papo hapo, juu ya ile ya mwisho. Dozi mbili, binti. Watu mia tatu na kumi na mmoja."

Tusekile aliondoa mikono kwenye kibodi kana kwamba imeungua.

"Kumi na mbili na nusu," ilisema redio. Sauti ya Dokta Lusajo ilikuwa imekauka. "Kidole chake kimetikisika."

Wanawake wale wawili walitazamana, na wazo liliwajia pamoja, au pengine Mama Ndimyake alitangulia kidogo. Yeye mwenyewe alidai hivyo baadaye.

"Kama Ghala haliwezi kuja kwetu," alisema, "si sisi twende kwake?"

"Bawabu arudi nyuma saa sita," alisema Tusekile taratibu. "Na Mwamshaji pia. Wote watatu waseme ni saa tano kasoro kwa kuandika nne." Macho yake yaliwaka. "Tumfundishe Bawabu saa za Kiswahili!"

"Fanya!"

"Ngoja, ngoja! Milango! Milango yote tisa ya mlima inafunguka kwa tiketi za leo asubuhi. Bawabu akirudi alfajiri, tiketi hizo zitakuwa hazijazaliwa. Kila mlango utajifunga, na kila mtu atabaki alipo mpaka zitolewe tiketi mpya."

Mama Ndimyake alishika redio kwa mikono miwili. "Watu wote wa mlima! Ni mimi Ndimyake! Kila aliye karibu na mlango atie kitu katikati usijifunge! Chochote! Sasa hivi, msiniulize kwa nini!"

Na hawakuuliza. Ilisikika vurugu ya ajabu ndani ya mlima ule wa ukimya: mbio za miguu, kitu kizito kikiburutwa, mpishi akipiga kelele, "Gunia la viazi limetosha!" na mfagiaji akijibu, "Mimi nimeweka ndoo!" Mlango wa chumba cha mashine haukuwa na kitu. Mama Ndimyake alitazama huku na huku, akavua kiatu chake cha kulia, akakisukumiza kwenye kizingiti.

"Haya!"

Tusekile aliandika. Saa ya Mbeya ilirudi nyuma. Saa ya Bawabu ikafuata, na milango tisa ikajaribu kujifunga kwa wakati mmoja, ikagonga viti na ndoo na viazi, ikashindwa. Skrini tatu sasa zilisema kitu kimoja: 04:58.

"Tiketi," alisema Tusekile. Aliandika *kinit*, ndilo neno la kuombea, na wote wawili wakaacha kupumua.

Hakuna mstari mwekundu. Hakuna mstari wowote. Aliandika *klist* ili aione, na hiyo hapo, jamani, hiyo hapo: *Mwamshaji wa Mbeya, kwenda Ghala la Kitulo. Imezaliwa 04:58. Itakufa 14:58.*

"Mshenga kakubali," alinong'ona Mama Ndimyake.

"Tunaingia."

Ghala lilinguruma kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia. Taa zake zote, hata zile mbili alizodhani zilikufa zamani, ziliwaka. Kisha mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, myeupe, mizuri, haikomi: digrii, dozi, dakika, digrii, dozi, dakika. Mstari wa kwanza kabisa ulisema: *Namba 1. Amelazwa 03:07.*

Tusekile alipiga yowe. Mama Ndimyake alipiga vigelegele, mwanamke wa miaka sabini, ndani ya chumba cha mashine, mpaka vikarudi kwenye kuta za mawe. Waliruka wameshikana mabega na kuangusha kiti, na wezi waliendelea kubisha mara elfu tisa kwa dakika, na hakuna hata mmoja aliyefunguliwa.

"Nimezipata!" redio ilikuwa inapasuka. "Kitanda kimezipata! Kumi na tatu na robo! Nimeanza, Mama, nimeanza!"

Lakini Mama hakuwepo tena kusikia. Alikuwa kwenye ngazi, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, anashuka.

* * *

Ilichukua muda wake. Kurudi nyayo za miaka arobaini na moja si kazi ya kuharakishwa, na Dokta Lusajo hakukubali hata kuguswa begani. Mama Ndimyake alikaa kando ya kitanda namba moja, unyayo wake juu ya sakafu ya baridi, akamwangalia dada yake akirudisha rangi.

Alikuwa msichana. Hilo ndilo ambalo kioo cha kitanda kilikuwa kikimficha miaka yote. Ngozi laini, nywele nyeusi, miaka ishirini na tisa. Walizaliwa siku moja, Atuganile akitangulia kwa dakika kumi, na kwa ajili ya dakika kumi hizo aliudai ukubwa tangu walipojua kusema. "Niamkie," alikuwa akimwambia kila asubuhi njiani kwenda shule. "Mimi ni dada yako, sema shikamoo." Na Ndimyake, kila asubuhi, alimtolea ulimi. Hakuwahi kumpa hata shikamoo moja. Hata siku ile ya kulala, alipotaniwa kwa mara ya mwisho, alisema, "Ukiamka tutaongea."

Saa saba kasoro dakika tano mchana, Atuganile alifungua macho.

Alitazama dari. Alitazama matone ya barafu iliyoyeyuka. Halafu akamwona mwanamke mzee mwenye mvi, amesimama kando yake na kiatu kimoja, na kama binti aliyelelewa vizuri alijitahidi kuinua kichwa.

"Shikamoo, bibi," alisema kwa sauti iliyokwaruza.

Dokta Lusajo aligeukia ukuta na kujifanya anasoma vipimo. Mlangoni, kando ya ndoo ya mfagiaji, Tusekile alisimama na kiatu mkononi, hakuthubutu kuingia.

"Samahani, bibi, saa ngapi? Pacha wangu alikuwa hapa sasa hivi. Alisema habanduki."

Mama Ndimyake alipiga magoti polepole, moja baada ya jingine, kwa maumivu ya miaka sabini, mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa msichana yule. Akaushika mkono wake, uliokuwa bado baridi.

"Saa saba kasoro tano," alisema. "Na sijabanduka." Akainamisha kichwa. "Shikamoo, dada."

Atuganile alimtazama. Alitazama mvi, akatazama mikunjo, akashuka kwenye sikio la kushoto, lile lililochanika ncha siku walipogombania hereni wakiwa na miaka tisa. Alilitazama sikio lile kwa muda mrefu sana. Vidole vyake vikaanza kubana.

"Dakika kumi tu," alinong'ona, na machozi yakamtoka pembeni yakaingia kwenye nywele zake nyeusi. "Nilikuzidi dakika kumi tu."

"Niitikie," alisema Mama Ndimyake. "Magoti yananiuma."

"Marahaba," alisema Atuganile. "Marahaba, mdogo wangu."